Bata Kiherehere na Miwani Yangu

Jumatatu, 30 Juni
Nimepukuchua mahindi madebe mawili kabla ya chai. Peke yangu. Mshangano nzima hakuna mzee mwenye mikono kama yangu. Baridi kali.
Mchana mjukuu wangu Leokadia kaunganisha gemu kwenye televisheni. Bata Kiherehere, yule yule wa katuni, mwenye koti, anayepoteza masufuria ya harusi za watu. Nimecheka mpaka kikohozi. Nikacheza na mimi. Bata kagonga ukuta mara saba.
"Mume wangu, huoni," kanitania, utani wa mjukuu kwa babu. "Vaa miwani."
Naona. Ukuta ndio mbaya.

Jumanne, 1 Julai
Tumewekeana dau. Leokadia anarudi shule Madaba Jumapili. Nisipomvusha bata daraja la kwenye gemu kabla hajaondoka, navaa miwani aliyoninunulia baba yake. Ipo kabatini mwaka wa pili. Miwani ni ya wazee. Nikishinda, hakuna wa kuitaja tena.

Alhamisi, 3 Julai
Darajani kuna bibi anapika, kashika mwiko. Bata akipita, mwiko. Akikimbia, mwiko. Anaanza upya. Leokadia mwenyewe hajampita likizo nzima. Anasema bata ainame, aukwepe mwiko, kisha atoke mbio. Haisaidii. Mahindi yamelala. Nina hasira.

Jumamosi, 5 Julai
Kidole kinauma. Mwiko, mwiko, mwiko. Nimekwenda kulitazama kabati. Sijalifungua.

Jumapili, 6 Julai
Begi lake liko mlangoni. Nikawaza, huyu bata hana adabu. Nani anampita mkubwa mbio? Nikabonyeza kitufe cha kuinama. Nikashikilia.
"Babu, achia! Atakupiga!"
"Hajaitikia bado."
Kwetu ukimwamkia mkubwa unapiga goti, unangoja. Mkubwa ataitikia akimaliza shughuli yake. Baba mkwe wangu alinipigisha goti mpaka akamaliza kusuka mkeka. Nani mwingine angeweza?
Bibi kakoroga. Kakoroga tena. Kisha kaweka mwiko chini, kaitika kwa kichwa, kampa bata sufuria. Daraja likafunguka. Leokadia kapiga vigelegele, gari nusura limwache.
Nimeshinda. Miwani ibaki kabatini.

Jumatano, 9 Julai
Nyumba kimya. Gemu kaniachia.
Nimevaa miwani. Hakuna aliyenilazimisha, nilishinda. Nilitaka tu kumwona vizuri yule bibi. Kumbe alikuwa anacheka muda wote. Ana pengo mbele, kama marehemu mke wangu.
Nimemwamkia tena. Kachelewa. Kaitika.