Biriani ya Friji na Dawa ya Aabo

Eddo Shamis, shangazi yetu wa ushauri, asalaam aleikum, nakuandikia kwa aibu, nishike mkono. Aabo, baba yangu, ana kisukari na hajui kusoma, na tangu daktari amkataze sukari ameacha kula nasi kwenye sinia, ananunua biriani ya boksi pale supamaketi, ile ya friji ya kupasha moto, kwa sababu mimi ndiye niliyemsomea boksi nikaona sukari gramu mbili nikamwambia, "Kula, Aabo, hii haina neno," akafurahi akawatangazia wazee msikitini kwamba binti yake amempatia chakula salama, na kila mchana anamaliza boksi zima na ndizi mbili, maana kwetu wali bila ndizi haushuki, sasa wiki jana kliniki wamempima sukari iko juu kuliko mwanzo, nikalisoma boksi upya, kumbe zile mbili ni kwa kila gramu mia na boksi lina mia nne, na juu yake kuna mstari wa wanga, kumi na nane, niliouruka, sikusema kitu, na jana Aabo amesema dawa ndiyo haifanyi kazi, Jumatatu anaiacha, mama analia, nami naogopa hataniamini tena kumsomea chochote.

Idman, Garissa

Wa aleikum salaam, Idman mwanangu. Kusoma vibaya nimekusamehe, hata wenye digrii huuruka mstari huo. Kunyamaza ndiko ninakokugombeza. Baba yako anataka kuiacha dawa kwa kosa ambalo si la dawa, nawe unalijua.

Wanga wa wali hugeuka sukari mwilini. Kumi na nane mara nne ni gramu sabini na mbili, na ndizi bado hazijamenywa. Kukaa kwenye friji hakuupunguzi kwa kiasi cha maana. Hata hivyo biriani si sumu, ina nyama na inashibisha. Ale nusu boksi, mboga kando, ndizi nusu, na uangalie chumvi pia. Kliniki aende na boksi mkononi wampangie kiasi, na dawa asiiache hata siku moja.

Tena mrudisheni kwenye sinia. Kila mtu hula upande wake, basi mama aujaze upande wa baba nyama na mboga, wali kidogo. Amekula peke yake muda mrefu mno, maskini.

Leo baada ya alasiri kaa karibu naye useme: "Aabo, nilisoma vibaya. Dawa haina kosa." Huenda akakasirika, mwache akasirike. Kisha lete boksi umsomee tena, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.