Maji ya Ziwa kwa Mwenzangu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Gari limechemka tena! Kona ya tatu ya kupanda milima ya Bururi, na madumu thelathini ya mawese nyuma. Mshale wa joto ulikwenda mpaka mwisho. Nikafanya alivyonifundisha Baba: nikasimama, sikuzima injini, nikafungua hita yote ili joto litoke kwenye injini lije kwangu. Jasho! Miguu iliungua. Nikacheka peke yangu. Nikajiona nina miaka tisa, nimebanwa kati ya Baba na Karimu, hita inatuchoma, sisi tunalia, Baba anaimba. Siku zile! Natamani kuungua tena vile.

Kaka Karimu, nilipomsimulia, hakucheka. Likichemka mara moja tena, anauza. Mnunuzi yuko Nyanza-Lac, anataka vyuma tu. Vyuma! Gari la 1984, lililotusomesha wote.

Jumatano, 10 Septemba

Kwa fundi Melkiades. Kachokonoa rejeta kwa waya — ukoko mweupe, mgumu, ule ule wa ndani ya birika la chai. Akauliza tunatia maji gani. Ya ziwa, nikasema, tangu zamani. Akashika kichwa.

"Latifa, maji ya ziwa iko na chumvi-chumvi. Kwa kunywa hakuna shida. Lakini mu radiateri inaacha mawe. Nusu ya njia zimeziba!"

Anayelitia maji hayo ni Baba. Kila siku akitoka swala ya alfajiri anachukua dumu lake la njano, anaingia ziwani mpaka magotini, anachota pale yalipo safi, anakuja kumnywesha Mwenzangu. Ndivyo anavyoliita gari. Ya bomba hataki, anasema yana dawa, yanakula chuma. Miaka arobaini! Na nilikuwa namshikia mfuniko, najiona mtu mkubwa kuliko Karimu. Sasa ana themanini na moja, haendeshi, majina ya wajukuu yanampotea. Dumu halijampotea.

Ijumaa, 12 Septemba

Melkiades kazibua njia zote, kabadili mpira wa maji wa juu, kakaza mkanda wa feni. Katia maji ya kijani ya dukani. Kaniapisha: lisiongezwe maji ya ziwa hata tone.

Nimepanda Bururi na mzigo ule ule. Mshale katikati! Haukutikisika. Kona ya tatu nilisimama tu kwa mazoea. Hita haikuwa na kazi. Nikaiwasha kidogo hata hivyo, nikalia kama mtoto.

Karimu amekubali, haliuzwi. Ila nimwambie mzee aache maji yake, la sivyo tutarudi pale pale. Nimwambie mimi! Kwani yeye hana mdomo?

Jumamosi, 13 Septemba

Niliamka na maneno tayari. Baba, ni huu ukoko. Baba, fundi amesema.

Akaja na dumu, kanzu imelowa mpaka magotini, anatabasamu.

"Fungua, mama. Mwenzangu iko na kiu."

Nikafungua boneti. Nikashika mfuniko — siyo wa rejeta, wa kile kichupa cha maji ya kusafishia kioo. Woga gani huu, kumdanganya baba yangu mzazi! Akasema Bismillahi, akamimina polepole. Nikashusha pumzi.

Kikajaa, yakamwagika. Akaacha. Akainama, akakitazama kichupa, kisha rejeta, kisha mimi.

"Hapa ni pa kioo."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Ni maji yangu ndiyo ilikuwa inalichemsha, eh?"

Nimemwambia nakuja, naleta kitambaa. Kitambaa ninacho mkononi, nimeketi hapa ndani naandika. Namwona dirishani. Hajaondoka. Dumu kaliweka chini, bado lina maji nusu, naye anafuta kioo kwa mkono wa kanzu, upande wa dereva tu, na anaimba kama siku zile za hita.