Aliyeomba Chumvi Kwanza

Shambani kwa Lorenzen,
Karibu na Niebüll,
14 Novemba 1957.

Mpendwa dada Tatje,

Hujambo? Mgongo wa shemeji Torvald umepoa? Sisi wazima, ila kichwa changu ndicho si kizima, na ndiyo maana nimeacha nguo kwenye beseni nikuandikie.

Mume wangu Momme anakabwa na jinamizi. Wiki ya tatu hii. Linamkalia kifuani hadi anaamka anahema kama farasi wa mkokoteni. Mama mkwe, na Kidenmaki chake kile, analiita mare. Sisi tumezoea kuliita Mahr. Jadwiga, yule Mpolandi anayetukamulia ng'ombe na kuishi nyumba ndogo ya uani, akasema kwao ni zmora. Mwalimu, aliyekuwa mateka Ufaransa wakati wa vita, naye akaleta cauchemar. Loo! Nilidhani ni letu peke yetu, kumbe kila nchi inalo, na majina yenyewe yanafanana kama ndugu! Ni moja linalozunguka kote, au watu wameambukizana hofu? Sielewi, dada.

Unaikumbuka dawa ya bibi: likikukaba, liambie lije asubuhi kuomba chumvi. Mwanamke wa kwanza kuja kuomba, ndiye jinamizi lenyewe. Basi Momme akaliambia. Kulipokucha Jadwiga akabisha hodi: "Bi Keike, chumvi ya siagi imeniishia." Mama mkwe akaruka: "Si niliwaambia! Ndiye huyu! Afunge virago leo hii!"

Jadwiga! Aliyenishika mkono siku tatu nilipompoteza mtoto. Asubuhi ile alilia hadi nikashindwa kula.

Ndipo nikakumbuka. Kabla yake niliingia mimi na ndoo ya maziwa, nikamwambia Momme, "Hebu nipe chumvi ya uji." Akanipa, macho bado mazito. Hakuna aliyenihesabu, maana mimi ni mke.

Nilisitasita mchana kutwa, mwisho nikasema mezani. Momme akacheka, "Wewe naye!" Mama mkwe hakucheka. Jadwiga amebaki, Mungu ashukuriwe. Ila Momme alihamia chumba cha mama yake, eti kujaribu tu. Tangu hapo analala fofofo.

Nisalimie shemeji, na Sunniva, na wale pacha watundu. Mungu awakinge nyote na baridi ya huko Bergen. Tena waulize wazee wa hapo. Jina wanaloliita silitaki, ninayo ya kutosha. Waulize hili tu: aliye jinamizi, huwa anajijua?

Mdogo wako akupendaye, hata awe nani,
Keike