Shemeji Alisahau Kuzima Maikrofoni

Wee, hebu sikia haya.

Unakumbuka shemeji alivyonikataza laptopu ya gemu yenye kadi kubwa ya grafiki? "Unaongeza hela bure, chukua yenye kadi ndogo, hutaona tofauti." Nikamwamini. Si fundi kompyuta?

Sasa leo tunacheza, kila mtu kwake, tunaongea kwa maikrofoni. Picha yangu inakwama-kwama, yeye ananitandika tu. Mara namsikia anamwambia dada:

"Angechukua kadi kubwa, angenifunga kila siku. Ndiyo maana nilimkataza."

NDIYO MAANA NILIMKATAZA!

Na dada yangu, tumbo moja, badala ya kumkemea akacheka mpaka akakohoa. Akacheka!

Shemeji akarudi kwenye gemu: "Mbona kimya, bingwa?"

Nikamwambia, "Tofauti nimeiona, shemeji."