Kifaa Changu Kimemwaibisha Baba Mkwe

Mpendwa Mshauri Maureen, naomba msaada kabla ndoa yangu haijaharibika, maana kazi yangu hapa Geelong, Australia, ni kubuni vifaa vya kupima gesi zilizomo hewani kwa kiasi kidogo mno, na baada ya miaka ya kuhangaika nimepata cha kubebeka, kadiri ya boksi la viatu, kinavuta hewa kwa mrija na kunasa methani, gesi ya majiko na ya matumbo pia, ambayo hata pua ya mbwa haiipati, basi Jumapili kwa majivuno yangu nikaenda nacho kwa wakwe, wao ni Wakroatia, na mezani palikuwa na sarma, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi, nikampitishia kila mtu mrija, kifaa hakikulia, lakini nilipofika kwa baba mkwe, Mzee Stipe, ambaye hukaa kando ya hita ya gesi kwa sababu ya baridi, kifaa kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Shemeji akasema, "Baba, sahani ya tatu ya sarma hiyo inajibu!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka. Mzee akasimama. "Mkwe, naapa kwa kaburi la mama, si mimi!" Badala ya kunyamaza nikamwambia, "Baba, kifaa hakidanganyi."

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, na mume wangu Ivo anataka niseme kifaa kilikosea, lakini nimekikagua na ni kizima kabisa, je, nidanganye ili tupatane?

Bronwyn

Bronwyn, akili unazo, ila siku ile uliziacha garini. Nilipofika penye "hita ya gesi" katika barua yako niliacha chai yangu nikakupigia simu, maana mzee asingeweza kusubiri gazeti la Alhamisi. Nikakuuliza, "Ulikipima kiti bila mzee?" Ukakimbia kumwita fundi. Wasomaji, fundi amekuta bomba la gesi limepasuka nyuma ya hita.

Mzee alisema kweli, kifaa kilisema kweli. Mwongo mezani alikuwa kicheko chenu.

Pole, najua furaha ya kazi iliyofaulu hupofusha. Lakini usimtumie mzee ujumbe wa simu! Ulimwaibisha mezani, kamwombe radhi mezani, mbele ya walewale waliocheka, na huyo shemeji mwenye mdomo aombe pia. Ivo naye aache kukufundisha uongo. Kisha mkabidhi mzee mrija, akupime wewe wa kwanza, baada ya sarma. Kikilia, usisingizie hita, imeshatengenezwa.