Mashimo ya Mchangani

Mjukuu wangu Agnesi,

Marahaba. Huku Mapera tu wazima, na kahawa imeiva vizuri. Unauliza ni mama gani ninayemshukuru kila nikiteka maji kijitoni.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja, mimi na babu yako tulipanda lori la kahawa kwenda mnadani Moshi. Huko Dodoma jua lilichoma, na dereva akasimama kila mahali kutuonyesha majabali. Kwenye mto mkavu tukakuta wanawake wanachimba mashimo mchangani. Babu yako, Mmatengo halisi, akadhani ni ngoro, mashimo ya kupandia mazao kama yetu ya shambani.

“Mtapanda nini humu?”

Wakacheka sana. Mama mmoja akachota maji yaliyokuwa yakijichuja shimoni, akatupatia kibuyu. “Karibuni, wageni.”

Tulikunywa yote. Akainama kuchimba tena, midomo yake imepasuka kwa kiu.

Ndiye huyo.

Bibi yako