Injini Uliyoiacha Sebuleni

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotoka nyumbani asubuhi na mkoba wako begani, ukisema unakwenda kupimwa presha tu, ukatuachia injini ya gari sebuleni. Kazi yake ulikuwa umeimaliza. Ilibaki kuirudisha ndani ya gari Jumamosi. Jumamosi hiyo tukakuzika.

Wanaosoma hapa na hawakukujua, tuwadokezee kidogo. Ulikuwa mkunga. Nusu ya watu wa mtaa huu, uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa wako, na hukuchoka kuwakumbusha, hata wenye vipara: "Wewe usinijibu hivyo. Nilikupokea mimi, huna hata nguo!"

Ulipostaafu, wenzako walitaka kukupa saa ya ukutani. Wewe ukaomba gari. Lile dogo jekundu la michezo, la viti viwili na paa la turubai, ambalo daktari mmoja wa zamani aliliacha nyuma ya stoo ya zahanati, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Walicheka, wakakupa. Lilikuja nyumbani likivutwa kwa kamba, nawe uko kwenye usukani na miwani ya jua, unapungia watu mkono. Baba alisimama getini, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni, akalitazama mbele na nyuma.

"Haya," akasema. "Leo nimeletewa mume mwenza."

Jina likaganda. Mpaka leo gari linaitwa Mume Mwenza.

Watu walisema utachoka mwenyewe. Hawakukujua. Ulinunua ovaroli, ukambana Baba aipunguze kiunoni, maana hata ukiwa chini ya gari ulitaka kupendeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe uliinama, magoti yakilia, nati moja leo, mbili kesho. Bandu bandu, gogo likaisha.

Na mambo yako yote yalikuwa ya wodini. Kila kipande ulichokifungua ulikivalisha kitambaa chenye jina, kama kichanga anavyofungwa mkononi. "Mtoto wa kabureta ya kushoto." "Mtoto wa pampu ya maji, amezaliwa na ufa." Pistoni ulizipima kwenye mizani yako ya watoto, ukapunguza hii na kusugua ile mpaka zote zikawa uzito mmoja. Fundi wa gereji ya nyuma, yule tunayemwita Kikohozi kwa sababu hukohoa kabla ya kutaja bei, alikuja kukucheka. Siku ya pili alirudi kuazima mizani.

Siku ya kuitoa injini bado tunaisimulia. Kikohozi alileta winchi ya mnyororo, ikafungwa kwenye boriti ya kibanda. Baba alishika mnyororo, kitinda mimba wako akashika mkia wa giaboksi, wewe ukalala chini kabisa.

"Vuta!" akasema Kikohozi.

"Hakuna kuvuta," ukajibu kutoka mvunguni. "Taratibu. Kichwa kwanza, mabega yatafuata."

"Mama, hii ni injini," akasema Kikohozi.

"Na wewe ulikuwa hivi hivi. Kichwa kikubwa, haraka nyingi."

Ikatoka imeinua pua, inaning'inia, mafuta yanatiririka, nawe unapiga kelele uletewe beseni. Ilipotua juu ya matairi mawili tuliyoyalaza chini, ukatazama saa yako kwa mazoea na kututangazia saa ya kuzaliwa. Baba akapiga makofi peke yake. Alikupenda sana, Mama, na hakujua kulificha hilo.

Kibanda kilikuwa kinavuja, kwa hiyo ikahamia sebuleni pamoja na matairi yake. Nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Ukasugua, ukabadilisha ringi na gasketi, ukaifunga tena kipande kwa kipande. Mwisho ukaziba matundu ya plagi kwa pamba ya hospitali ili vumbi lisiingie. Hiyo pamba ina habari yake, subiri kidogo.

Sasa tukupe habari za Baba, maana tunajua ndizo unazozitaka.

Baba hakulia ulipoondoka. Alipokea wageni, akapanga viti, akauliza kama kila mtu amekula. Watu walipotawanyika tukasema turudishe injini garini kama ulivyopanga. Akasimama mbele yake.

"Iacheni. Mwenyewe hajaamua."

Tukadhani ni jambo la wiki moja. Wapi! Akaishonea koti lenye vifungo, la kitambaa kizuri kuliko suti ya mwanao. Akasogeza kiti chake karibu nayo. Chai pale, redio pale, usingizi wa mchana pale. Mgeni akija anaambiwa apitie upande wa pili. Na akikutaja, anakutaja kama mtu aliye chumbani: "Hapendi chai yenye sukari nyingi, yule." Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Tulikuwa tumeshampoteza mzazi mmoja, na sasa tulimwona wa pili akituponyoka huku amekaa kitini.

Tulimtuma Kikohozi, kwamba labda fundi kwa fundi watasikilizana. Akakohoa, akasema, "Mzee, injini isiyozunguka inashika kutu. Unaona unaitunza, kumbe unaiua."

Baba akamfungulia mlango wa kutokea.

Kumbe kila asubuhi, kabla hatujaamka, alikuwa anaivua lile koti na kuiogesha. Kitambaa, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo. Kwenye nguo Baba ni bingwa, lakini ya chuma hayajui. Maji yakashuka polepole mpaka kwenye matundu ya plagi, na pamba yako, Mama, ikayanywa yote na kuyapeleka ndani. Mmoja alitunza kimkunga, mwingine kifundi cherehani, na nyinyi wawili kwa pamoja mkaipatia injini kutu. Tungecheka kama tungekuwa na nguvu.

Mchana mmoja kitu kikamtuma ajaribu kuizungusha. Akatia spana kubwa kwenye nati ya mbele kama alivyokuwa akikuona, akavuta. Haikwenda. Akavuta kwa uzito wake wote. Haikwenda. Akampigia simu binti yako, kifungua mimba, aliyekuwa dukani kwake anamchanganyia mteja rangi.

"Njoo. Nimemuua."

"Baba! Umemuua nani?"

"Mama yako. Injini yake. Njoo, mwanangu."

Alimkuta amekaa sakafuni, mikono ya shati imelowa, ameushika ule mpira wa pamba uliogeuka rangi ya kutu.

"Nilikuwa namwosha," Baba akasema. "Kila siku nilikuwa namwosha tu."

Hapo ndipo alipolia, Mama. Alilia kwa sauti, bila kuona haya, mpaka jirani akaja mlangoni na kurudi kimya. Binti yako akakaa naye pale chini, ovaroli ya dukani ikiwa na rangi mbichi, akamshika mpaka akatulia. Hakumwambia anyamaze. Tulikuwa tumekingoja kilio kile muda mrefu.

Kikohozi akaitwa, akaja bila kununa. Akamimina mafuta laini kwenye kila tundu la plagi, akamwambia Baba asiilazimishe. "Leo mpe kidogo mbele, kesho kidogo nyuma. Ukitumia nguvu utavunja." Basi kila jioni Baba alipiga magoti na spana yake. Kidogo mbele, kidogo nyuma. Tulimsikia akiibembeleza, na mara nyingine akiitukana, na matusi yake yalitufurahisha kuliko ule ukimya. Mpaka jioni moja ikaachia. Ikageuka mzunguko mzima, ngumu, kisha mwingine, laini. Baba akaifuta kwa kitambaa kikavu, akatuita.

"Itoeni humu ndani. Irudi kwenye gari lake."

Hatukungoja kuambiwa mara mbili. Ilirudi kwa ubishi mwingi kuliko ilivyotoka. Bolti moja ilikataa kabisa kuona tundu lake, kitinda mimba wako alibanwa kidole akataja ukoo wote wa aliyeliunda gari, na vile vitambaa vyako vilituongoza kila tulipokwama. Ilipowashwa ilikohoa kumshinda Kikohozi mwenyewe. Moshi wa bluu ukaufunika mtaa, watu wakatoka majumbani wakidhani moto. Halafu ikatulia. Ikanguruma sawasawa, bila kugonga, bila kuvuja. Kikohozi aliinama juu yake muda mrefu, akasema ringi zako ziko salama.

Baba aliisikiliza mpaka ikazimwa. Kisha akaingia sebuleni, akachukua fagio, akafagia pale ilipokuwa imekaa.

Juzi tulikaa naye tuandike tangazo hili. Tukamsomea mwisho wake: "Unakumbukwa na mume wako mpenzi, watoto wako..." Akainua mkono.

"Hapo siyo. Andikeni mgane."

Binti yako akamwambia si lazima, Baba, watu wengi huandika mume tu.

"Mume ana mke nyumbani," akasema. "Mke wangu amefariki. Andikeni mgane, na mimi niwe wa kwanza."

Tumeandika kama alivyotaka.

Unakumbukwa na mgane wako, fundi cherehani; binti yako kifungua mimba na mume wake; mwanao kitinda mimba; wajukuu zako, ambao wote uliwapokea kwa mikono yako; dada yako mkubwa; fundi Kikohozi; wakunga wenzako; na watu wa mtaa huu, wenye nywele na wenye vipara. Hatujakusahau hata siku moja, Mama, wala hatutakusahau.